Kizibo cha Jaku

Jaku Silima wa Jang'ombe alikuwa fundi katika kiwanda cha barafu, na domo lake lilikuwa kubwa kuliko kiwanda. Mwaka wa hamsini na tano aliutangazia mtaa mzima kuwa katika harusi ya binti yake, Time, kila mgeni atakunywa sharbati yenye barafu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wiki ya harusi, koki ya mashine ikaanza kuvuja. Gesi inayoleta baridi hukaa ndani ya mabomba kwa msukumo mkali, na harufu yake hukutoa machozi kuliko kitunguu. Kizibo kipya cha kuizibia koki kilikuwa bado melini. Jaku akasema atakitengeneza mwenyewe.

Akafunga koki kuukuu kwenye kipande cha bomba, akalizamisha bomba katika pipa la maji, akalijaza hewa kwa pampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kizibo cha ngozi kikapasuka. Cha mpira wa tairi kikachomoza kama ulimi. Mapovu yakapanda, nasi barazani tukacheka.

Mkewe Kidawa akamwonea huruma. "Mwambie mama," alisema.

Mama yake Jaku, Bi Mwamvua, alikuwa ameshafika kutoka Makunduchi kwa ajili ya harusi, na kamba zake kikapuni. Makumbi yake ya nazi huyafukia pwani miezi mingi mpaka yalainike, ndipo huyaponda na kuyasokota.

"Shikamoo, mama," Jaku alisema, akamweleza habari ya koki.

"Marahaba, mwanangu. Nnasokota sasa hivi."

Akasokota kamba nyembamba, iliyokaza, akaichovya mafuta ya nazi. Kitu cha harusi hakipakwi mafuta yanayonuka, bwana!

Pipani hapakupanda povu hata moja. Jaku akacheza. Akaifunga kamba kwenye mashine. Mashine ilipopoa tu, koki ikavuja. Alipoichomoa, ilikuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa. Bi Mwamvua akaishika, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mafuta yameganda! Hata kwetu asubuhi za kipupwe huganda. Nlisahau, mwanangu. Tia sifa."

Sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Hayagandi, lakini uvundo wake! Safari hii Jaku alijaza pipa vipande vya barafu iliyosalia kiwandani, akapiga pampu. Kimya. Kwenye mashine nako, kimya.

Siku ya harusi barafu ikaja kwa mkokoteni, imefunikwa magunia. Jaku alikuwa ameoga na kufukizwa udi, na bado paka wa mtaa mzima walimfuata. Kidawa akamzuia mlangoni. "Huingii! Utatuulia udi wetu."

Akabaki uani na paka wake. Bi Mwamvua akamletea bilauri ya sharbati yenye barafu, akaketi karibu naye bila kuziba pua. Akakitoa kipande cha barafu, akakikamata kiganjani.

"Kinauma, hiki!"

"Ndo kamba yako, mama."

Mara dirisha likafunguka, na bibi harusi, aliyetakiwa kukaa kimya ameinamisha uso, akapiga kelele: "Baba! Meno yananiuma kwa baridi!"

Na Jaku wetu, mwenye domo lile, akalia kwa furaha.