Rudisha jua

Kuko bantu banapenda kuanza mbali: babu alizaliwa wapi, reli ilipita wapi. Miye sina ile uvumilivu. Naanza na televizio.

Mu avenue yetu, mu kampi ya batumikaji, televizio ilikuwa moja tu, mu nyumba ya kapita wa fonderi. Baba yetu alikuwa anatumika chini yake. Siku ya posho, njo samedi, mwisho wa juma, bibi ya kapita alikuwa anafungula mulango saa jua inaanza kushuka. Batoto benye balimuchotea maji asubui baliikala mbele. Benye hawakuchota balibakia inje, ku dirisha. Miye na mudogo yangu mwanamuke tulikuwa tunachota kila samedi. Alikuwa bado hajaanza masomo, ndoo ilimufika mu kifua, lakini alikaza meno na kubeba.

Tulikuya juu ya sinema moja ya kuchora. Ndani yake kulikuwa muntu wa nguvu mwenye kuruka, na kofia ya chuma ku kichwa. Televizio haikuwa na rangi, basi shiye tulisema ile kofia ni mukuba, shaba nyekundu. Hakuna mutoto aliuliza nani alisema vile. Mukuba njo kintu baba zetu balikuwa banayeyusha kila siku ku fonderi. Kama muntu wa kuruka anavaa kofia, ataitosha wapi kama haiko kwetu? Kifaransa yabo ilikuwa inaenda mbio sana, jina yake hatukuishika. Tulimuita tu Kofia.

Episodi zenye nilipenda ni tatu. Ya kwanza, treni inaenda bila mashinisti, imejaa bantu banalala. Kofia anaisimamisha na mugongo yake. Bantu banashuka, banaenda ku manyumba yabo, lakini banalala vilevile, macho imefungwa. Bengine balicheka. Miye sikucheka.

Ya pili, Kofia anapoteza kofia yake. Anatembea mu soko sawa muntu yeyote, na mama yake mwenyewe anamupita bila kumujua. Mutoto wa jirani alilia, kisha alisema ni moshi ya shimine ya fonderi iliingia mu macho.

Ya tatu njo ya Sura, na yenyewe ilikuwa ya vipande, samedi mpaka samedi. Sura hakuwa na mwili. Mbele, tarumbeta inalia. Kisha mawingu inafunguka, na uso moja mukubwa inashuka, pole pole, inajaza televizio yote. Inafungula kinywa, inameza jua. Kisha bantu ba muji banaendelea na kazi mu giza. Banazoea. Mwisho, banasahau kama jua ilikuwako.

Kila mara Sura ilishuka, shiye batoto bote tulisimama, ngumi yulu, na kupiga kelele: rudisha jua! Mudogo yangu njo alianzisha ile, na ikakuwa sheria ya nyumba. Bibi ya kapita alikuwa anacheka mu kikoni. Na sinema ikiisha tu, anakuya, anazimisha, anatufukuza: muende, kwenu bukari imeiva. Jurnali, habari ya magaribi, ilikuwa ya bantu bakubwa. Njo maana hakuna mutoto kati yetu alikuwa anajua jurnali inaanza namna gani. Uso ya Mukubwa wa inchi, na miwani yake, tuliijua, ndiyo: ku ukuta wa masomo, ku kitambaa ya bamama, ku beji mu kifua ya baba. Lakini pale haitembee.

Samedi moja, muntu wa parti, chama ya Mukubwa, wa kampi yetu alikuya kwa kapita. Ni yeye alikuwa anaangalia nani anaimba wimbo ya parti asubui na nani anafungula tu kinywa. Balimupatia fotey, kiti mukubwa ya kapita. Baba alikuwako vilevile: balimuita kunyoosha antene ku paa, na kisha alibakia amesimama nyuma, karibu na mulango.

Sinema iliisha. Bibi ya kapita alikuya kuzimisha. Muntu wa parti alisema hapana, acha, tutaangalia jurnali.

Tarumbeta ililia. Mawingu ilifunguka. Mu mawingu, pole pole, uso moja ilianza kushuka.

Mudogo yangu alikuwa wa kwanza kusimama.

"Rudisha jua!"

Na bote nyuma yake, ngumi yulu, rudisha jua, rudisha jua, hata ba ku dirisha. Miye nilikuwa nimeshafungula kinywa wakati niliona miwani, na nikajua ni uso ya ku ukuta wa masomo. Nilifunga kinywa. Bengine bakanyamaza mumoja mumoja.

Muntu wa parti aliweka bilauri chini. Hakukasirika. Aliuliza mutoto huyu ni wa nani.

"Ni wangu, citoyen," baba alisema.

Muntu wa parti alimuangalia mudogo yangu.

"Jua gani, mama?"

Mudogo alizani huyu muzee hafwate sinema. Alimuelezea muzuri, na heshima yote.

"Ile alimeza, baba. Sasa bantu beko banatumika mu giza."

"Nani alikufundisha?"

Aliangalia batoto bote, kisha bakubwa.

"Bote banajua."

Kapita aliingia kati. Alisema ni sinema ya batoto, citoyen, kuko Sura moja mubaya mule, inashuka mu mawingu sawa... na hapo alikata maneno. Sawa nani? Jurnali iliendelea kusema yenyewe.

Muntu wa parti alisimama, alinyoosha koti yake ya abakosti, na ku mulango alimuambia baba neno moja tu: "Tutasolola."

Kusolola ni kuzungumuza tu, lakini mu avenue ya nyuma kulikuwa baba mumoja mwenye balimuambia vile. Yeye alienda kusolola, hakurudia. Bibi yake balimutosha mu nyumba ya kampi, akarudia kwabo Kambove na batoto, na bantu bengine baliingia mule kabla ukuta haujakauka rangi.

Baba hakumupiga mudogo. Alienda ku kazi sawa kila siku. Mama alikunja blanketi na sabuni mu kitunga, akaiweka nyuma ya mulango, tayari kwa baba. Kila mara sirène ililia kwa mwisho wa kazi, alitoka kusimama ku barabara mpaka aone namna ya kutembea ya baba. Mu nyumba neno jua ilikufa. Nguo zikianikwa, mama alisema zitakauka kama zitakauka.

Muntu wa parti alikuya mwenyewe, katikati ya juma. Aliikala, alikunywa maji yetu. Alisema kwa bakubwa ba yulu hajapeleka hii maneno bado. Lakini batoto ba avenue banapashwa kujifunza. Kuanzia samedi, babakie mpaka jurnali, na uso ikitoka mu mawingu, basimame pamoja naye, bapige makofi mpaka yeye mwenyewe aikale. Mumoja akikosa, atajua ni wa nyumba gani.

Baba alitufundisha mu lupango, inje ya nyumba. Mama alishika lungo ya kupepetea yulu, sawa uso, pole pole aliishusha, na shiye tulipiga makofi.

"Makofi ni ya uso gani?" mudogo aliuliza.

Baba alifikiri. Niliona anatafuta neno na kuiacha.

"Yote yenye inatoka mu mawingu," alisema.

Samedi ilifika. Muntu wa parti mu fotey, kapita pembeni, baba nyuma. Sinema ilianza. Ilikuwa kipande ya mwisho, Kofia alikuwa anapanda yulu kutafuta jua. Tarumbeta ililia. Mawingu ilifunguka. Sura ilishuka, mashavu ya giza, jua ndani ya kinywa.

Mudogo alisimama na kupiga makofi.

Shiye bote tulisimama. Nani angebakia chini? Ku dirisha balipiga. Kapita aliangalia baba, baba aliangalia kapita, na bote bawili balianza kupiga. Bibi ya kapita alitoka mu kikoni na unga ku mikono, alipiga, unga ikaruka.

Muntu wa parti aligeuza kichwa, akatuangalia mumoja mumoja. Yeye tu alikuwa anaikala, mbele ya uso yenye inatoka mu mawingu. Alisimama. Alipiga makofi.

Kofia alifika, nazani. Migongo ilikuwa mbele yangu, na makofi ilifunika sauti yote. Kama jua ilirudia, miye sikuona, na kisha hakuna mutoto aliuliza.

Mikono ya mudogo ilikuwa inaungua na makofi.

"Yaya, tunaweza kuacha?" aliniuliza miye, mukubwa yake.

Nilimuambia hapana, tuangalie kwanza yeye. Niliangalia ku fotey. Muntu wa parti alikuwa bado amesimama, anapiga, jasho ku shingo, na macho yake ilikuwa kwetu, inangojea nani ataacha wa kwanza.