Pembe za Kwacha Mgongoni

Pumzi ya ng'ombe ina harufu ya majani yaliyochachuka, na mpaka leo nikiisikia shingo yangu hukakamaa yenyewe. Mvua za kwanza zikishanyesha kijijini kwetu Isansa na udongo mwekundu ukaanza kunukia, kila nyumba ilitoa maksai wake shambani. Mtu mzima alishika plau nyuma, mtoto alitangulia mbele akivuta kamba, na wanyama wawili walimfuata wakiwa na nira shingoni. Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja: anayeongoza hageuki nyuma. Ukigeuka, tuliambiwa, mstari unapinda na majirani wanapata la kusema. Basi mtoto alishinda akitembea na pembe nyuma ya mgongo wake, bila ruhusa hata ya kumtazama huyo anayempumulia. Aliyeitunga sheria hiyo simjui, ila najua hakuwa mtoto.

Mwaka ninaousema, baba alikuwa mjini Tunduma, mpakani, akipakua mizigo ya malori, hivyo plau ilishikwa na mdogo wake, na mbele akawekwa kaka yangu Elia. Maksai wetu mmoja aliitwa Mpole, na jina lilimfaa. Wa pili aliitwa Kwacha kwa kuwa alinunuliwa ng'ambo ya mpaka kwa fedha ya huko, kwacha, na huyo hakumpenda mtu. Asubuhi ya kwanza Elia alisema wazi mbele yetu sote kwamba anamwogopa Kwacha. Baba mdogo alimchapa fimbo za miguu. "Mtoto wa kiume unaogopa ng'ombe? We utaoa kweli?" Shamba la jirani likaangua kicheko. Elia akafuta machozi, akachukua kamba, akaanza kupiga mluzi ili tuone kwamba woga umemwisha. Kabla jua halijafika utosini, Kwacha alimwangusha kwa pembe na kumkanyaga mguu chini ya goti.

Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Elia alilisikia la mkuu, akalitii bila kupunguza neno, na guu likavunjika vilevile. Wageni waliokuja kumpa pole walimsifu kwa kutolia, na baba mdogo akazipokea sifa hizo kana kwamba ni zake. Mimi nilikuwa nikisonga ugali wa wageni hao, na hasira ilinipanda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto alikuwa ameogopa nini.

Mahindi ya wenzetu yalikuwa yameshachomoza, na shamba letu lilikuwa bado gumu kama sakafu. Tusipolima wiki ile, mwaka mzima tungekula kwa kuomba. Mama alitazama huku na huku, hakuona mtoto mwingine zaidi yangu. Mimi nilikuwa nimefundishwa kinyume cha Elia: niogope ng'ombe, niogope njia, niogope kusema mbele ya watu. Kwa mvulana woga ni aibu, kwa msichana ni adabu, na wanaofundisha mambo hayo mawili ni watu walewale, kinywa kilekile. "Unaogopa?" mama aliniuliza. Nikamwambia naogopa sana. Hakunichapa wala hakunicheka. Alisema tu, "Basi usimwondolee macho," akanipa kamba.

Kwa hiyo niligeuka. Nilitembea upande upande, jicho moja mbele na jingine kwa Kwacha, miguu ikigongana, na mstari ukapinda kweli. Majirani walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Lakini kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kilio tulikuwa nacho tayari nyumbani. Nilimtazama yule mnyama kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote, kwa kuwa uhai wangu ulikuwa hapo. Ndipo nikaona kwamba jicho lake la kushoto lina utando mweupe, na kwamba kila baba mdogo alipoinua fimbo upande huo, Kwacha alisikia mvumo asiouona, akaruka mbele kwa hofu. Ng'ombe naye alikuwa anaogopa! Nilisimama katikati ya shamba na kusema kwa sauti, mimi niliyefundishwa kunyamaza: "Baba mdogo, usimpigie kushoto, haoni."

"Yaani nifundishwe kulima na mtoto wa kike?"

"Shemeji," mama alisema, "fimbo nipe mimi." Akaichukua. Shamba lile tulilimaliza na hakuna aliyeumia tena. Tangu hapo sikuwahi kungoja woga uniishe ndipo nifanye jambo. Niliusikiliza kwanza, nikauuliza unaona nini, halafu nikaenda nao.

Siku hizi Isansa wengi wanalima kwa trekta la kukodi, na kahawa inateremshwa kwa pikipiki. Plau zimebaki chache, ila somo la baba mdogo halijapata kutu. Msimu uliopita nilimkuta Elia, anayechechemea mpaka leo, akimsimamia mwanawe kwenye mteremko wenye utelezi, gunia la kahawa limefungwa nyuma ya pikipiki ambayo mtoto alitakiwa kuiteremsha. Mtoto alisema anaogopa. "Ukoo wetu hatuogopi," Elia akamjibu. "Mimi nilifundishwa uanaume shambani humu."

Niliwaka. Nilimwambia mbele ya mwanawe kwamba hakufundishwa kitu, alivunjwa mguu, na aliyemvunja si ng'ombe. Nilidhani atanifukuza. Alikaa juu ya jiwe, akaunyoosha ule mguu.

"Neema," alisema, "nilijua Kwacha ataniumiza. Nilijua tangu asubuhi. Nilipiga mluzi ili nisiusikie woga wangu."

Kisha akainuka, akafungua kamba za gunia, akamwambia mwanawe, "Haya, nionyeshe ni wapi panapokuogopesha." Wakateremka kwa miguu, mtoto akitangulia.