Nani Kamtuma Mhakiki?

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa mchoraji wa vibao. Kinyozi akitaka kichwa kilichonyolewa vizuri ukutani, duka la viatu likitaka kiatu kinachong'aa, aliitwa yeye. Mkono anao, hilo simnyimi. Kisha akaingiwa na wazo la kutunga hadithi ya siasa kwa katuni, na tangu hapo sisi wengine hatujapumua.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kitamu. Waziri wa maji anakutwa amekufa ndani ya lifti, na dereva wake anaanza kumsaka muuaji. Mimi huandika uhakiki wa vitabu kwenye gazeti la wikendi, nikakisifu bila aibu. Kitabu cha pili, kumbe muuaji ametumwa na jenerali. Cha tatu, jenerali katumwa na tajiri mwenye benki. Cha nne, tajiri katumwa na daktari wake wa meno. Wa meno, jamani! Cha tano akaletwa bwana mmoja anayechorwa kisogo tu. Sasa cha sita kimetoka, na kisogo naye ana bosi wake, ambaye pia ni kisogo. Visogo viwili vinaongea gizani kurasa kwa kurasa, na yule dereva maskini bado anapanda ngazi akimtafuta mkubwa wao.

Ningenyamaza kwa ajili ya undugu. Lakini mdogo wangu alinifuata ofisini, akafunga mlango, akakataa kukaa.

"Kaka, andika ukweli. Mimi nikisema, ananiuliza nimeongea na nani. Chumba cha kuchorea kakitia kufuli. Muuza maziwa akichelewa, eti tunachunguzwa. Hii hadithi isipokwisha, nachukua watoto narudi kwa mama."

Nikaandika. Nilisema michoro ni ya fundi, lakini mtunzi anaogopa mwisho. Kila akiukaribia, anamsimamisha mtu mwingine nyuma yake. Nikamwomba kitabu cha saba kiwe cha mwisho.

Gazeti lilipotoka, akaniita kwake. Ukutani sebuleni alikuwa amebandika karatasi kubwa. Katikati nimechorwa mimi, pua imetiwa chumvi, na mishale inanijia kutoka kila upande: kwa mhariri wangu, kwa mchapishaji, kwa mchoraji wa gazeti jingine, hata kwa mwalimu wa mtoto wake, ambaye kosa lake ni kuazima kitabu asikirudishe.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Wewe ni kidole tu. Nautaka mkono. Nani kakutuma?"

"Kitabu chako ndicho kimenituma. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikataka kulia."

"Unaona? Jibu hilo umeandaliwa."

Nilitamani kujipiga kichwa ukutani. Mtu wa namna hiyo utamjibu nini? Ukikana, unaficha. Ukikubali, unamficha mkubwa zaidi. Kilichonichoma zaidi ni kwamba safari hii alikuwa amepatia: nilitumwa kweli, na aliyenituma alikuwa hapo hapo anatumiminia chai. Karatasi nzima haikuwa na mshale hata mmoja unaotoka kwake. Ningemtaja, ningekuwa nimemmaliza.

"Ni mimi," mdogo wangu akasema.

Shemeji akamtazama, akaitazama karatasi, akachukua kalamu. Nilidhani anakwenda kuifuta yote kwa mistari. Wapi! Alitafuta nafasi pembeni, akamchora mkewe, akamfananisha hasa, kisha akaanza kumvutia mshale mwingine kutoka pasipo na kitu.

"Na wewe," akauliza kwa upole, "nani kakutuma?"

"Mkeo," akajibu. "Yuko jikoni analia kila siku. Kaniomba nikuulize kama bado unamkumbuka."

Kalamu ikasimama. Nikamwona anafungua mdomo, nami nikasema moyoni: shemeji, ukiuliza huyo naye katumwa na nani, leo tutavunjiana heshima. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Namkumbuka," akasema.

Mdogo wangu hakumkimbilia. "Basi kamwambie mwenyewe," akasema, akaelekea jikoni.

Shemeji akanitazama kana kwamba mimi ndiye ningempa ruhusa. Kisha akaweka kalamu mezani, akamfuata.