Dawa ya Ng'ombe Kutoka Kentucky

Nimekaa na aibu hii muda wa kutosha, na kama naisimulia leo ni kwa sababu wengine wenu mmeshaisikia vipande vipande kutoka kwa watu wa Kuresoi, na huko imeongezwa chumvi mpaka nasikia eti ng'ombe aliimba. Ng'ombe hakuimba. Alilala tu. Lakini wacha nianze mahali penyewe, mjue vile mtu mzima, mwenye duka lake na akili zake timamu, anaweza kujimaliza kwa maneno machache aliyoyasema akiwa na chapati mdomoni.

Mnanijua, mimi ni Barasa, babu yangu aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka upande wa Bungoma na tangu hapo hakuna aliyewahi kutukumbusha kurudi. Nina duka la agrovet mjini, nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Na kwangu Kiamunyi, ndani ya kabati la vioo sebuleni, ninakusanya bourbon. Hii ni wiski ya Wamarekani, hasa wa jimbo la Kentucky (kwa nyinyi ambao bado hamjapitia kwangu), inatengenezwa kwa mahindi zaidi kuliko nafaka nyingine yoyote, halafu inalazwa miaka ndani ya mapipa mapya ya mbao yaliyochomwa ndani mpaka yakawa meusi. Sasa mtu kama mimi, aliyekuzwa kwa ugali, githeri na mahindi ya kuchoma, ukimwambia kuna watu wamechukua mahindi yale yale wakayafanya yanukie sukari guru na vanila, atakosaje kutaka kujua?

Ilianza na rafiki yangu wa chuo, Kamau, ambaye anaendesha malori Amerika. Alirudi likizo akaniletea chupa moja, mwaka uliofuata nyingine, na mimi nikaanza kuona kwamba hakuna mbili zinazofanana: iliyochanganywa na ngano ni laini kama uji wa mgonjwa, iliyochanganywa na ile nafaka yao inayoitwa rai inakuchapa ulimi kama pilipili manga, na kuna moja kali sana ambayo bila tone la maji haikusemeshi vizuri. Jumamosi jioni nachagua moja, nakaa nje kwa veranda na glasi ndogo, nanusa zaidi kuliko ninavyokunywa, nafunga chupa, narudisha. (Najua, kila mtu husema hivyo. Mimi nasema hivyo na ni kweli.) Na juu kabisa ya kabati kulikuwa na moja ambayo haikuwa imefunguliwa, ya shingo ndefu iliyofungwa kwa nta ya kijani. Kamau aliileta akaniambia hiyo ni ya siku ya harusi yangu.

Na harusi ilikuwa inakaribia, kwa maana nilikuwa nimempata Cherono. Cherono ni muuguzi, msichana wa Kuresoi, anaongea polepole lakini akimaliza kuongea umeelewa. Bourbon zangu alizijua, hata alikuwa na moja aliyopenda kunusa. Shida ilikuwa kwao. Baba yake ni mzee wa kanisa, hanywi, na alikuwa amemzika ndugu yake mdogo kwa sababu ya pombe ya chang'aa. Kwa hivyo wazazi waliposema watakuja Nakuru kuona mahali binti yao atakapoishi, Cherono aliniambia nimweleze baba yake mwenyewe, mapema, kwa mdomo wangu, kwa sababu Mzee si mtu wa kufoka. Nikamwambia sawa. Halafu nikachukua kitambaa kikubwa cha kufuma, cha marehemu mama yangu, nikafunika kabati lote.

Mnaona? Hapo bado ningeweza kuokoka.

Walikuja, tukaomba, tukakaa mezani. Kila kitu kilienda vizuri. Mzee alisifu nyama, Mama akasifu usafi wa nyumba, mimi nikaanza kujiona tayari mkwe. Kumbe Mama mwenyewe ni fundi wa kufuma vitambaa, na macho yake hayakuwa yametoka kwa kile kitambaa tangu aingie. Akainuka kuangalia jinsi ncha zilivyofungwa, akakishika, akakigeuza upande wa nyuma vile mafundi hufanya, na kitambaa chote kikateleza kikaanguka chini, na bourbon zangu zikasimama pale nyuma ya kioo, zikiwaka kwa jua la mchana kama zimepangiwa mgeni.

"Hizi ni nini, Barasa?" Mama akauliza, kwa upole kabisa.

"Ni dawa ya ng'ombe, mama."

Sijui maneno yalitoka wapi. Yalikuja yenyewe, labda kwa sababu kutwa nzima dukani huwa nayasema. Cherono aliweka kijiko chini. Mimi nikaendelea kutafuna.

Mzee sasa ndio akachangamka, maana ni mkulima, ana viazi, ana kabichi, ana ng'ombe wa maziwa, na hapo awali tulikuwa hatujapata kitu cha kuongea. Akataka kujua ni dawa ya nini. Nikasema ya kuvimba tumbo (ningesema kwato, ningesema kupe, lakini hapana). Mzee akashika kichwa kwa furaha, akasema ana ng'ombe wake mmoja, Rozi, akila majani mabichi yenye umande tumbo linafura kama ngoma, na dawa za kawaida hazimsaidii sana. Akaja mpaka kwenye kabati. Akauliza kwa nini nyingine ni nyepesi rangi na nyingine zimekolea, nikasema ni nguvu ya dawa, na kwa namna fulani huo haukuwa uongo. Akanyoosha mkono juu kabisa akatoa ile yenye nta ya kijani. Akasema hii inaonekana ndiyo yenyewe.

Ningefanya nini? Nilimfungia chupa kwenye gazeti kwa mikono yangu. Nilimwambia ni vijiko viwili tu kwa maji ya uvuguvugu, vijiko viwili, asizidishe.

Walipoondoka Cherono hakupiga kelele. Alikunja kitambaa, akakiweka juu ya kiti, akaniambia, "Umemdanganya baba yangu akiwa bado anakula chakula chako." Akachukua mkoba wake akaenda. Na mimi nikajiambia Jumatatu nitapiga simu nieleze. Jumatatu nikaona ni heri Jumanne. Jumatano Mzee akapiga yeye mwenyewe, sauti imejaa furaha, kwamba Rozi alifura, wakampa vijiko viwili, wakamtembeza kule mlimani kwake, na gesi yote ikatoka. (Ni kule kutembea kulikomponya, mtu yeyote wa dawa za mifugo atawaambia, lakini ningesema nini?) Alikuwa amewaeleza wafugaji wenzake wote wa kanisa. Jumamosi baada ya ushirika watakusanyika kwake, mchungaji pia atakuwepo, na wananiomba nije niwafundishe juu ya ile dawa.

Nilimpigia Cherono nikamwambia nimeamua kusema ukweli. Akasema atakuwepo kusikia. Lakini asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nafunga duka, nikajikuta nimetia mfukoni chupa ya dawa halisi ya kuvimba tumbo. Nilipanga kufika mapema kabla ya watu, nibadilishe kimyakimya, niwafundishe dawa ya kweli, kisha nimweleze Mzee pembeni tukiwa wawili. Ulikuwa mpango mzuri sana. Nilipita Molo nikiimba.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa kwa boma, mabenchi yamepangwa, wamama wamevaa masweta kwa sababu ya ile baridi yao, na katikati kuna meza ndogo, na juu ya meza, peke yake, juu ya kitambaa cheupe, chupa ya Kamau. Mzee alinishika mkono akaniongoza mbele kabla sijasalimia mtu. Na Rozi alikuwa tayari amefungwa kwenye nguzo, kwa sababu asubuhi hiyo wakati wa kukamua walikuwa wamemwona amefura tena kidogo, na Mzee akaona ni bahati nzuri watu waone kwa macho yao.

Nikasema jamani kabla hatujaendelea kuna jambo. Mzee akasema maelezo yatakuja, kwanza mgonjwa. Nikasema vijiko viwili. Akasema leo amefura zaidi ya siku ile, na alipogeuka nikaona anashikilia chupa ya soda ameijaza mpaka shingoni, bila tone la maji, vile wafugaji hunywesha ng'ombe dawa. Wanaume wawili wakainua kichwa cha Rozi. Nilienda mbele kuzuia, na hapo ndipo nilipokuwa nimesimama vizuri kabisa Rozi alipopiga chafya.

Nyingine alikuwa ameshameza. Iliyobaki ilikuja kwangu, usoni, kwenye shati, na kidogo kwa mchungaji aliyekuwa amesogea kuona. Halafu ile harufu ikaanza kutembea kwenye mabenchi, sukari guru, vanila, mbao iliyochomwa (hata katika hali ile, naapa, nilijikuta nikifikiria kwamba Kamau alichagua vizuri), na watu wakaanza kuangaliana. Mchungaji alijifuta kwa leso, akanusa leso, akavaa miwani, akachukua chupa mezani akaisoma polepole, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye neno wiski. Hapo akairudisha mezani. Aliyemaliza kazi ni shangazi yake Cherono, bibi mmoja mkongwe aliyeketi benchi la mbele.

"Hiyo ni pombe," akasema. "Mimi nilikuwa napika kabla sijaokoka. Naijua."

Watu wengine walicheka, wengine wakaangalia chini, na Rozi akakunja magoti ya mbele, kisha ya nyuma, kwa heshima zote, akalala.

Niliongea. Sikuwa na pa kwenda, shati limeshikana na kifua. Niliwaambia ni wiski yangu, kwamba sikuwahi kuwa na dawa kama hiyo, kwamba nilimwogopa Mzee nikamdanganya, na kwamba maziwa ya Rozi yasipelekwe kwa gari la maziwa mpaka niseme. Nikatoa ile dawa ya kweli mfukoni nikaiweka mezani, na hapo hata mimi nilijiona mjinga, kwa sababu kila mtu alielewa nilikuwa nimekuja nayo kwa nini.

Mkutano uliisha wenyewe. Mimi nilibaki na Rozi. Tulimwegemeza kwa magunia ili asilale ubavu gesi ikamzidia, nikakaa kando yake nikimpapasa tumbo, nikiomba kimoyomoyo asife, kwa sababu nilijua akifa nimeoa hewa. Cherono alikuja akasimama upande wa pili. Baadaye Mzee akaja na kigoda, akakaa.

Aliniuliza kile kitu kinatengenezwa na nini. Nikamwambia mahindi. Akauliza mahindi gani, nikamweleza yote, mapipa, moto, miaka ya kungoja. Akauliza nakunywa kiasi gani, na kabla sijajibu Cherono akamwambia ni glasi ndogo ya Jumamosi, kwamba amekaa na mimi akaona, na kwamba yeye ni muuguzi na anajua mlevi anavyofanana. Mzee alirekebisha gunia lililomwegemeza Rozi.

"Ndugu yangu alianza kwa kuficha," akasema. "Kabla ya chang'aa kumwua, ilikuwa imeshamfundisha kutuangalia machoni akidanganya. Kwa hivyo kijana, chupa zako siziogopi sana. Niliogopa leo nilipokumbuka jinsi ulivyonidanganya huku unatafuna."

Nilimwambia samahani, mara moja, na sikuongeza sababu yoyote, na nafikiri hilo ndilo jambo la kwanza la akili nililofanya tangu kitambaa kianguke. Kabla giza halijaingia Rozi alijikokota akasimama, akakojoa kwa muda mrefu, akatafuta majani. Tulimkamua, tukamwaga maziwa. Mzee akaniambia msimu wa kuvuna viazi umefika na angependa kuniona nikivuna, na mambo ya posa yatasubiri huko.

Nilivuna. Kila wikendi nilikwenda Kuresoi nikainama kwenye matope mpaka mgongo ukasahau kunyooka, na watu waliopita njiani walinisalimia kwa jina la daktari, na mimi nikaitikia. Katika mistari ile ya viazi tuliongea mimi na Mzee zaidi kuliko tulivyowahi kuongea mezani, juu ya ndugu yake, juu ya babu yangu wa reli, juu ya mambo ambayo mtu haulizwi akiwa amevaa tai. Viazi vilipoisha walikuja tena Nakuru. Kabati lilikuwa wazi. Mzee aliomba nimfungulie, akanusa moja baada ya nyingine, mikono imefungwa nyuma kama mkaguzi, akasema kweli ni mahindi, halafu akaomba chai.

Siku ya posa imepangwa. Na mimi nimejiwekea sheria, si ya kuacha bourbon (msifurahi), bali ya kutokipa kitu changu chochote jina la kuazima, hata niulizwe na nani, hata mdomo ukiwa umejaa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa veranda, glasi mkononi, simu ikalia, nikaona ni Mama wa Kuresoi. Akanisalimia, akaniuliza nafanya nini.

"Nakunywa wiski kidogo, mama."

Nikasikia kuku wao wakilia kule nyuma.

"Umekula lakini?" akauliza.