Simbilisi Aliyekula Sahani Yangu

Nakumbuka siku moja kwenye kituo cha majani chai pale Sigowet, mwanangu, watu walivyonicheka mpaka karani akaweka kalamu chini. Watu hao ndio waliosema sitamaliza masomo India, nikamaliza. Walisema nitaoa huko nimsahau mama, nikarudi mwenyewe, na diploma ya ufugaji ndani ya bahasha ya plastiki isinyeshewe. Sasa walikuwa wamepata neno la tatu. Walisema sitaweza kumpunguza unene mnyama wa mama yangu.

Mnyama mwenyewe alikuwa simbilisi, yule mdogo anayefanana na sungura aliyenyimwa masikio marefu, ambaye watoto wa shule humwita ginipigi. Nilipewa na Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba kubwa la chai, kisha akanunua kipande cha ardhi karibu na kwetu. Nilipokwenda kusoma nilimwachia mama. Wakati huo alikuwa mwepesi, akipita chini ya mlango wa jikoni bila kugusa ubao. Miaka mitatu baadaye nilimkuta kando ya meko, ametulia kama mto wa kukalia, tumbo limelala sakafuni na shingo haionekani. Majirani walimwita Meneja, maana pale kwetu hakuna mwingine aliyekuwa akikaa tu na kuletewa.

Siku hiyo nilimtia ndani ya kikapu cha kuchumia chai nikampeleka kupimwa. Mizani ya kituo ni ya magunia, mshale wake ukatikisika kidogo tu. Jirani yetu Koech, aliyekuwa kwenye foleni, akasema, "Karani, mwandikie huyo. Majani mawili na chipukizi." Watu wakaangua kicheko, maana hivyo ndivyo chai huchumwa. Mimi sikuwa mtu wa kuchekwa na kunyamaza. Niliwaambia wanipe mwezi mmoja, na Meneja atapita tena chini ya ule mlango. Koech akajibu kwamba labda niukate mlango.

Sababu ya unene nilikuwa nimeijua tangu jioni ya kwanza niliporudi. Mama alikuwa na sahani yangu ya bati yenye ukingo wa buluu. Kumbe miaka yote mitatu hakuacha kuipakua. Kila jioni alipika ugali wa watu wawili, akaweka sahani yake na yangu, akaomba, akanitaja kwa jina ili Mungu anishibishe nilipo. Akimaliza kula, sahani yangu ikiwa bado imejaa, alimvunjia Meneja ugali vipande vidogo vidogo. Asubuhi alimpa mandazi yaliyochovywa kwenye chai ya maziwa. Kwetu mnyama unayempenda hunenepa, na ng'ombe anayeonyesha mbavu humwaibisha mwenyewe. Mama hakujua njia nyingine ya kupenda.

Nami niliporudi nilimwambia kwamba nimezoea kula kidogo jioni, tena wali. Nilisema hivyo kwa sauti ya msomi. Mama aliitikia tu, akaipakua sahani vilevile, na ugali wangu ukaendelea kwenda kwa Meneja. Hilo nalitaja kwa aibu, mwanangu, na nitalirudia.

Basi nilianza kazi. Nilimfungia Meneja kwenye boksi, nikamwachia maji na majani machache ya kuhesabika, na asubuhi na jioni nikawa namkimbiza uani kwa kijiti. Nilijiambia kwamba aliyesomea ng'ombe wa kilo mia nne hawezi kushindwa na kitu kinachokaa kwenye kikapu. Siku ya tatu alikataa hata yale majani machache. Alijikunja pembeni, manyoya yamesimama, na ndani ya boksi hapakuwa na choo hata punje moja. Nikasema atazoea.

Mama alimchomoa ndani ya boksi. Alimfunga ndani ya leso, akashika njia ya kwa Mzee Wafula huku mvua ya alasiri ikianza, nami nikamfuata.

Mzee Wafula alimbonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili, akauliza amekula nini. Nikaeleza mpango wangu wote, na jina la chuo nikalitia humo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana wa diploma," akasema, "huyu si ng'ombe, na hata ng'ombe usingemfanyia hivi. Tumbo lake ni kama boila ya kiwanda. Ukiacha kutia kuni, halipungui, linazima. Umnyime ugali, sawa. Nani alikuambia umnyime nyasi?"

Akatwanga nyasi laini kwenye kinu cha vitunguu, akachanganya na maji, akawa anamtilia mdomoni tone kwa tone, kwa pembeni, na kungoja ameze. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, leso mapajani. Ndipo alipofungua mdomo, akanena bila kunitazama.

"Langat, ulipokuwa mbali huyu ndiye alikuwa anamaliza sahani yako. Sasa akifa, na ukienda tena, mimi nitampakulia nani?"

Nilikuwa na barua ya kazi ya Nairobi mfukoni, mwanangu, na sikuwa nimemwonyesha. Alikuwa ameiona. Nimefaulu mitihani migumu maishani, na wengi wa rika langu hawawezi kusema hivyo, lakini swali lile lilinifanya nipige magoti nimshikie Mzee Wafula kinu.

Tulilala kwa Mzee Wafula. Kulipopambazuka Meneja alishika jani la nyasi mwenyewe akalivuta, na mama akacheka huku akifuta macho. Nilitembea peke yangu hadi barabarani nikaisoma tena ile barua. Kisha nikaandika kwamba sitakuja.

Tulianza upya, safari hii kwa kuuliza. Nyasi kavu kwetu ni shida kwa sababu mvua hainyimi mtu, ukianika asubuhi, jioni zimeota ukungu. Nikaazima magunia mawili kwa shangazi yangu wa Chebunyo, kule kwenye jua. Kwa Koech niliazima waya wa kuku, naye akautoa huku akiniuliza kama Meneja amepandishwa cheo. Mwenye duka aliniazima mizani yake ndogo ya sukari na mawe yake ya kupimia. Mzee Wafula alinipa kikapu kilichotoboka, tukakilaza uani kiwe nyumba ya kujifichia.

Mara ya kwanza Meneja alilingana na jiwe la kilo na la nusu kwa pamoja. Ugali tuliupunguza kidogo kidogo mpaka ukaisha, na mandazi pia. Mama alikuwa akificha kipande kwenye mkunjo wa leso, nami nikajifanya sioni, mpaka siku moja akanipa mwenyewe. Nyasi ziliwekwa mwisho mmoja wa uzio na mboga mwisho wa pili, na ili ale ilimbidi atembee. Alitembea kama mzee anayetoka ibadani. Baadaye akawa anakwenda mbio ndogo ndogo. Mwezi wangu ulipita bila mlango kupitika, Koech akanikumbusha kila Jumatatu, nikavumilia. Mwezi wa nne jiwe la nusu likabaki mezani, na asubuhi moja mama aliita kutoka jikoni. Meneja alikuwa amepita chini ya mlango, yuko nje, anakula majani ya karoti.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeniandikia kwamba simbilisi wa mtoto wako amekuwa mpira. Mpe nyasi kavu safi zisizo na ukungu, zisikosekane mbele yake usiku wala mchana. Hizo hazimnenepeshi, na meno yake yanazihitaji. Mboga mbichi iwe kiasi cha kiganja kwa siku, na kipande cha pilipili hoho usikisahau, maana mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Maji yawepo. Chakula cha dukani kiwe kidogo, matunda mara mojamoja, na mkate, ugali, maziwa na viazi umwondolee. Lakini usimwondolee kwa hasira. Unene wa miaka mitatu hauondoki kwa wiki. Usimkimbize, mtandazie nafasi na umpe sababu ya kutembea. Mpime kila wiki kwa mizani ileile. Akiacha kula hata siku moja, usijitie ujuzi kama mimi, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Na kabla ya kumlaumu mtoto kwa kumlisha kupita kiasi, uliza nyumbani anamkosa nani.

Siku iliyofuata ile ya mlango nilirudisha vitu vyote. Mizani na mawe nilivirudisha dukani nikiwa nimevisugua. Magunia nilimpelekea shangazi yakiwa na mahindi ndani. Koech nilimrudishia waya, nikamtibia ndama wake na sikumwambia neno, ingawa nilipita na Meneja mbele ya kituo makusudi. Mzee Wafula alikataa kikapu, akasema nikae nacho.

Jioni, mama alipakua sahani mbili kama kawaida. Kabla hajainyanyua ile ya ukingo wa buluu kuiweka kando, niliivuta mbele yangu. Nilikula ugali wote, na mboga, nikapangusa kwa kidole mpaka bati likaonekana. Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Kisha akaniongezea.

Sahani hiyo ninayo mpaka leo, inaning'inia jikoni karibu na diploma, na kuna jioni naishusha na kuishika tu, kwa sababu mkono ulioipakua haupo tena. Usiku ule aliniwekea kiganja kichwani akasema, "Ushibe, na popote utakapokuwa pawe na mtu wa kukupakulia." Sina baraka kubwa kuliko hiyo, mwanangu. Ichukue.