Mama aliomba afie nyumbani: yaliyotukuta kati ya Gitega na Muyinga

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii si chai. Mwenye haraka ya kuandika "chai" kwenye comment ya kwanza aniache nimalize, halafu aandike anachotaka. Nimekaa nayo karibu miaka miwili na imenichosha.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani, naishi Gitega mtaa wa Magarama. Nashona sare za shule, wateja wangu wengi ni wazazi wenye watoto wanaosoma shule za Mushasha.

Ni Mrundi, ila nimekulia kambini Kigoma. Hapa wananiita Mtanzania. Kule nilikuwa naitwa Mrundi. Ndo maisha.

Baba alifia kambini. Tuliporudi, mama na kaka yangu mkubwa, nitamwita Deo, walikwenda kwenye kilima chetu cha asili Muyinga (huku kijiji tunakiita kilima). Tulikuta familia nyingine inalima shamba letu, ikabidi tugawane nusu kwa nusu. Hakukuwa na ugomvi, ila hakukuwa na ukaribu pia. Tunasalimiana, basi. Mtu akiwa na sherehe, sisi tunasikia ngoma kwa mbali.

Sasa niende kwenye mada.

Mama alianza kushindwa kula. Chakula kinashuka kidogo, kinarudi. Kituo cha afya cha pale walimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa. Alipokonda mpaka pete ikawa inadondoka yenyewe, nikamleta Gitega hospitali. Deo akaja naye.

Hapa nitoke nje kidogo, maana ndipo kosa lilipoanzia.

Kambini maisha yote yalipitia mezani. Afisa anauliza, mkuu wa kaya anajibu. Ninyi wengine mko kwenye benchi nyuma, kimya, kwa sababu ukijibu tofauti na mkuu wa kaya, jina lako linaweza kurukwa kwenye mgao. Baba alipofariki, Deo akawa mkuu wa kaya akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo ndiye anayejibu. Hata siku ya kuulizwa kama tunarudi Burundi, mama hakuulizwa. Aliulizwa Deo, akasema tunarudi, tukarudi.

Hospitali ina meza pia. Mnaona tunakoelekea.

Daktari akamwangalia mama: "Mama, iko inauma wapi?"

Deo akajibu.

"Na usiku unalala?"

Deo akajibu, tena yeye analala nyumba nyingine kabisa.

"Bon, mi nauliza mama, siulizi we."

"Mimi ndiye mkubwa wa familia, daktari," Deo akasema. Na mama, mtu mzima mwenye akili zake, akainamisha kichwa kama tulivyozoea.

Majibu ya vipimo yalipotoka tukamwacha mama kwenye benchi nje, tukaingia wawili. Kansa ya tumbo, imeshafika kwenye ini. Kupasua hakutasaidia.

"Kimebaki kupunguza maumivu," daktari akasema. "Donc, mumuulize mwenyewe anataka aishi vipi hizi siku. Mama anajua?"

"Hajui, na asijue," Deo akasema.

Sitamtupia Deo lawama zote. Na mimi niliitikia. Tukatoka tukamwambia mama ana vidonda vya tumbo, vikubwa kidogo. Akasema sawa.

Wiki tatu nilikuwa garde-malade, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa wodini, anayemwogesha na kumpikia. Cherehani nikaifunika. Mama anatundikiwa dripu mpaka mishipa ikagoma, wakawa wanatafuta kwenye miguu. Deo yuko kwenye simu kutwa, anatafuta pa kumpeleka nje ya nchi. Mama hasemi kitu.

Asubuhi moja nampaka mafuta miguuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwanangu, ninyi mnajua nina kansa, na mimi najua. Tutafichana mpaka lini?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kitanda cha jirani alikuwepo mama mwenye ugonjwa uleule, dawa zilezile, na yeye familia yake ilimwambia ukweli. Mama akajumlisha mwenyewe. Siku ya nne tu ya kulazwa alikuwa ameshajua.

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilimwona Deo anavyohangaika. Nikasema nikimwambia najua, atakosa cha kufanya."

Ndipo nikamuuliza anataka nini. Sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kumuuliza mama swali hilo, kwa jambo lolote.

"Nataka Muyinga. Nilitoka pale nikikimbia, nimeishi kwa watu maisha yangu yote. Nife kwangu. Dawa ya maumivu nitakunywa, dripu basi. Na siku ikifika msinibebe tena. Mniache nilale palepale nilipo."

Nililia. Yeye hakulia, akaniambia niendelee na mguu wa pili.

Daktari hakubisha. Alitupa morphine ya maji, akanifundisha kuipima kwa bomba la sindano kila baada ya saa nne. Halafu akaniambia jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja:

"Siku ya mwisho atapumua vibaya, mtaogopa. Si lazima mukimbie hospitali. Ila uambie watu wote wa pale nyumbani, usibaki unajua we peke yako."

Nilimwambia Deo. Alikasirika, hakusema na mimi siku mbili, mwishowe akakubali. Wengine wote sikuwaambia. Kilimani, ukimrudisha mgonjwa ambaye hajapona, wanasema umemtupa. Sisi wenyewe tunaitwa wageni, niongeze na hilo? Kwa hiyo jirani akiuliza, najibu mama amepata nafuu.

Yaani tuliacha kumdanganya mama, tukahamia kuwadanganya majirani.

Alikaa nyumbani siku kumi na moja. Nawaambia ukweli, zilikuwa nzuri kuliko miezi sita ya nyuma. Morphine ilimtuliza. Aliketi kwenye mkeka juani, anachambua maharage aliyojua hatayala. Uji vijiko viwili, akifika cha tatu anasema nimeshiba kama tajiri. Alinicheka kwamba fundi mzima nimevaa gauni lililofumuka ubavuni.

Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, pumzi ikabadilika. Inakuja kwa kukoroma, inakatika, unahesabu, inarudi. Nilijua. Deo naye alijua, alikaa chini akamshika mkono.

Mke wa Deo hakujua. Hatukumwambia. Alitoka nje anapiga kelele kwamba mama anakata roho na sisi tunamwangalia tu.

Sasa, kwenye vilima vyetu kuna kitu kinaitwa ingobyi. Ni kitanda cha kusukwa, wanaume wanne wanakibeba mabegani, wanamtelemsha mgonjwa mpaka barabara ya magari. Kila nyumba inatoa mtu. Ukibebewa ingobyi, maana yake una watu. Ugonjwa wote wa mama, hawakuwahi kuileta kwetu. Mara zote tulikodi pikipiki.

Siku hiyo waliileta. Walikuja wanaume kama kumi na wawili, na aliyetangulia ni Mzee Silvestri, yule tuliyegawana naye shamba. Akasimama mlangoni, akasema kwa Kirundi, nawatafsiria: huyu ni mama yetu, hawezi kufia ndani kama mtu asiye na watu.

Wakuu, neno hilo nililisubiri tangu tuvuke mpaka.

Deo akaniangalia. Kwa mara ya kwanza maishani, mkuu wa kaya alikuwa anasubiri mimi nijibu. Ilikuwa sentensi moja tu: mama amekataa kubebwa. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikawaza nikiwarudisha hawa watu leo, hawatakuja tena, na kilima kizima kitasema Watanzania walimfungia mama yao ndani afe.

Nikasogea pembeni, wakaingia.

Wakamtelemsha vizuri sana, siwezi kuwalaumu. Wanabadilishana mabega bila kuambiwa, anayechoka anatoka, mwingine anaingia, hata hatikisiki. Deo alikuwa mbele amebeba. Mimi nilitembea ubavuni kwa mama na chupa ya dawa mkononi. Wenye mashamba wanaacha jembe wanatufuata. Nilijisikia fahari, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

Katikati ya njia mama akafumbua macho. Akaangalia mawingu. Akauliza, kwa shida:

"Mwanangu, tunaenda wapi?"

Nikamwambia, "Tunaenda nyumbani, mama."

Akafumba macho. Hakuyafumbua tena, na barabara hatukuifikia. Mzee Silvestri ndiye aliyegundua, akawaambia wasimame, wakageuza, tukapanda naye kilima.

Msiba ulijaa watu. Siku hizi Deo naye anaitwa kubeba ingobyi, na Mzee Silvestri anapita kwetu kunywa. Tumekuwa watu wa pale.

Nilichojifunza ni hiki. Mgonjwa muulize mwenyewe, mapema, wakati sauti ipo, na mkubwa wa familia anyamaze. Halafu alichokisema kiseme kwa kila atakayekuwa ndani ya nyumba siku hiyo: wakwe, majirani, mpaka yule usiyempenda. Kukijua peke yako hakusaidii. Mimi nilikijua.

Kama una mgonjwa ndani sasa hivi, umeshamuuliza? Na waliofanikiwa kusimama mlangoni wakasema hapana, mlisemaje? Nataka kujua maneno yenyewe. Wa kunitukana pia karibuni, nitasoma yote.

Deo hajui kwamba mama aliniuliza njiani. Alikuwa mbele, hakusikia. Ananiambia angalau mama aliondoka akijua kila kitu, na mimi naitikia.