Somo la Mzee Ko Lililobaki Mguuni

Wanafunzi wake walimwita Mzee Ko, kwa mlio wa pete yake kwenye dashibodi. Ukichelewa kubadili gia, ko. Ukisahau kutazama kioo, ko. Kosa likiwa kubwa, pete iligongwa mfululizo na karipio likafuata, kali hadi wapita njia wakageuka. Alifundisha udereva hivyo maisha yake yote ya kazi, na wanafunzi wake walifaulu. Ukuta wa ofisi ulijaa picha zao, leseni mkononi.

"Mzee Ko akigonga hata mlango wa choo, mimi nakanyaga breki," alitania mmoja wao, na benchi zima likaangua kicheko. Mzee naye alicheka. Aliichukua kama sifa.

Kuna mwaka shule ilimleta mkufunzi wa saikolojia ya elimu awape walimu semina. Mama huyo alieleza habari za mbwa waliozoeshwa kusikia kengele kila wanapoletewa chakula, hadi kengele peke yake ikawatoa mate. Na woga hujengeka vivyo hivyo, alisema: sauti ikiandamana na karipio siku zote, mwishowe sauti peke yake inatosha kumshtua mtu, na baadaye hata kumwona anayeitoa. Adhabu, aliongeza, humfundisha mtu kumkwepa anayemwadhibu kuliko inavyomfundisha kazi. Mwanafunzi akipatia, mwambie papo hapo.

"Hao ni mbwa, mwalimu," alisema Mzee Ko. "Mimi nafundisha watu. Nikianza kuwapigia makofi kila wakibadili gia, si bora nifungue chekechea?"

Mwaka huohuo alianza kumfundisha binti yake wa pekee. Huyo hakumlegezea hata kidogo. Watu wangesemaje, mtoto wa mwalimu akifeli? Binti alivumilia wiki kadhaa. Kisha siku moja, gari limezima katikati ya mlima na pete inagonga, alishuka, akafunga mlango taratibu, akarudi nyumbani kwa miguu. Alipokuja kuolewa, mumewe alimfundisha upya kwenye kiwanja cha mpira hadi akapata leseni. Baba mtu alizisikia habari hizo kwa jirani.

Presha ya macho ilipoanza kumpunguzia uwezo wa kuona, Mzee Ko aliacha kazi. Mkewe alikwisha kufariki. Siku ya kwenda kliniki ilipokaribia, binti alipiga simu akasema atampeleka mwenyewe, na mzee akashinda siku nzima akipiga miluzi. Asubuhi ya kliniki aliivua pete, akaingia kiti cha mbele cha gari la binti na kuikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu.

Binti aliendesha vizuri hadi kwenye mzunguko wa barabara. Hapo mzee akawashwa shavu, akanyanyua mkono ajikune. Binti alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likazima katikati ya njia, honi zikawapigia kelele nyuma.

"Sijasema kitu, mama."

"Najua, baba." Aliwasha gari upya. "Wanangu wanaruka kama nyani humo nyuma na wala sishtuki. Ukikaa wewe hapo, mguu haunisikii."

"Basi nihamie nyuma?"

"Nitakuona kwenye kioo."

Alilisogeza gari pembeni, akamsimamishia teksi. "Nenda naye, baba. Nawafuata."

Ndani ya teksi mzee aligeuka kutazama, lakini aliona ukungu tu wenye rangirangi.

"Anakuja?"

"Yupo, mzee," alisema dereva. "Anaendesha vizuri huyo dada, hana papara. Pale kampisha mwenye baiskeli bila hata kupiga honi. Kafundishwa na nani?"

"Na mumewe."

Njia nzima iliyobaki midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Umeendesha vizuri, mwanangu. Maneno machache, na hakukumbuka kuwahi kumwambia, si kwenye gari wala nyumbani. Leo angemwambia, tena papo hapo, akishuka tu.

Binti aliegesha gari, akamfuata mlangoni mwa kliniki na kumshika kiwiko. Mzee alifungua kinywa.

"Umefunga milango?"

"Nimefunga, baba," alijibu binti, kisha akageuka kulitazama gari tena, kuhakikisha.